Sabine Hakuwa Mchafu

Uvira, tarehe 19 Oktoba

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Mathieu, huko Kalemie,

Pokea salamu zangu, za Mama, za mke wangu Dorine na za watoto wote wa nyumba hii. Naomba Mungu barua ikukute una nguvu, na ule mkono uliouunguza kwenye mota ya mtumbwi uwe umepona. Mama anauliza kama bado unakohoa asubuhi. Yeye ni mzima, isipokuwa magoti, na magoti yake unayajua. Mvua ya kwanza imenyesha wiki jana, kidogo tu, ya kulaza vumbi.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu, Yaya. Kila nikisikia unaniita mdogo wangu, naishia kukuuliza habari za samaki. Ndiyo maana nimeandika. Barua hii inaletwa na mama Olive, yule muuza mawese anayepandia boti Kalundu. Nimemwomba akukabidhi mwenyewe, asimwachie mtu bandarini. Tafadhali uisome ukiwa umeketi peke yako.

Nianze na mwanao. Nicole yuko kwetu tangu tulipoanua matanga ya mama yake, anasoma mwaka wa nne, na mwalimu anamsifu kwa hesabu. Lakini kuna jambo. Kila asubuhi anaamka kabla ya wenzake, anachukua majivu na kipande cha sabuni, anajisugua mikono hadi kwenye viwiko. Mwanzoni Dorine alifurahi, akasema angalau mmoja katika nyumba hii anajua usafi. Kisha ngozi ikaanza kupasuka katikati ya vidole. Juma lililopita alirudi na daftari lenye madoa ya damu. Dorine alimketisha, akambembeleza aseme kinachomsumbua. Mtoto alisema kwamba Papa alimwambia kwenye simu ajifunze usafi, kwa sababu uchafu ndio ulimuua mama. Akaongeza, bila kulia, kama mtu anayejibu swali la darasani: “Sitaki nikuwe muchafu sawa mama.”

Sikulaumu. Hata kwenye matanga ulisema hivyo, kwamba mkeo Sabine alikuwa na kichwa kigumu, kwamba ulimkataza mara ngapi kunywa maji ya ziwa. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mama naye alisema wanawake wa siku hizi hawachemshi maji. Nilikuwa nimeketi kando yako, bega kwa bega, na sikusema neno. Ulipoinuka ukanishukuru mbele ya watu wote kwa kumpeleka shemeji hospitali, niliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni huzuni.

Kwa hiyo nataka nikueleze upya mambo yalivyokuwa, na safari hii niyaeleze yote.

Tangu ulipoondoka, ziwa limezidi kupanda. Nyumba yenu, ambayo zamani ilikuwa ya tisa kutoka majini, sasa ni ya tatu. Vyoo vya nyumba zilizozama vimo humohumo ziwani, na watu wanachota hatua chache pembeni. Nani asiyejua kwamba maji yale ni mabaya? Sabine alijua kuliko wote. Ndiyo maana alikuwa mtu wa kwanza kwenye robine, ile koki ya watu wote pale chini karibu na ziwa, kila asubuhi, na bidoni zake, yale madumu mawili ya njano. Wengine walikuwa wakigombana mstarini; yeye alikuwa akiwapangia zamu.

Nyuma ya nyumba yenu aliishi bibi mmoja, Nyirakamana, aliyekimbia vita huko Rurambo na mjukuu wake mdogo, Gatete. Walijenga kibanda cha turubai. Huko kwao milimani walizoea chemchemi na maziwa ya ng'ombe wao. Ng'ombe walinyang'anywa wote njiani. Sabine alimwonyesha bibi robine ilipo, akampa na bidoni moja. Watu walimwambia kwamba hao si watu wetu, atawazoeaje? Aliwajibu kwamba kiu haina kabila.

Mwezi wa nane robine ile ilikauka. Mimi ndiye fontenye, mtunza mabomba wa kamati ya maji, kwa hiyo watu wa chini walikuja kuniuliza. Niliwaambia kwamba bomba limepasuka kule mlimani, chini ya tanki, na kwamba tunangoja vipuri kutoka Bukavu. Wakanipa pole. Sabine mwenyewe, akijua nashinda juani nikitengeneza, alimtuma Nicole mara mbili aniletee mihogo ya kuchemsha na ndakala, dagaa wa ziwani, zilizofungwa kwenye jani la mgomba.

Juma la kwanza watu walienda kuomba maji huku na huku. Juma la pili walichoka, wakarudi ziwani. Makala, mkaa wa kupikia, yalikuwa haba, na mwanamke mwenye mfuko mmoja wa makala lazima achague kati ya kupika chakula na kuchemsha maji. Nicole ametueleza mama yake alichagua vipi. Kila jioni alichemsha sufuria moja ndogo, akaimimina kwenye chupa yenye kifuniko, akamwambia hiyo ni yako, usimpe mtu. Yeye mwenyewe alikunywa ya kwenye bidoni. Nicole alipomuuliza kwa nini, alimjibu kwamba tumbo la mtu mzima ni gumu.

Kolera ilianzia kwenye turubai. Gatete alianza kuharisha asubuhi, kabla jua halijawa kali alikuwa amekwisha. Alikuwa na miaka minne. Sabine ndiye aliyemsaidia bibi kumwosha, kabla watu wa kunyunyiza kloro hawajafika. Siku tatu baadaye, alfajiri, Nicole alikuja kwetu mbio, bila viatu. Tulimkuta shemeji sakafuni. Alikuwa ameanza tangu usiku, lakini hakutaka kumwacha mtoto peke yake ndani ya nyumba. Macho yalikuwa yameingia ndani, na vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Nilimpakia kwenye pikipiki ya kukodi, mimi nyuma nimemshika, na kanga aliyojifunga ilikuwa imelowa maji meupe kama ya mchele.

Kwenye kituo cha kolera walimpokea vizuri, hilo ulijue. Walimlaza kwenye kitanda kile chenye tundu katikati na ndoo chini yake, wakamtia dripu ya seromu mikono yote miwili. Nilitazama vitanda, nikauliza kila mmoja anatoka wapi. Wote walikuwa wa chini. Wachota maji, watoto wao, mvuvi mmoja, wazee wa kwenye maturubai. Kutoka avenyu za juu alikuwepo msichana mmoja tu, na nilipomsogelea nikamtambua: ni mtumishi wa nyumbani kwa Modeste, rais wa kamati yetu ya maji. Kutwa huosha vyombo kwenye robine ya ndani, na jioni hurudi kulala kwao, kando ya ziwa. Katika nyumba ile ya watu kumi na moja, ugonjwa ulimjua yeye peke yake.

Saa sita mchana shemeji alipata nguvu kidogo. Alifumbua macho, akanitambua, akaniuliza kwa sauti ya mkwaruzo: “Shemeji, bomba ilisha kutengenezwa?” Nilimwambia kesho. Akasema: “Muzuri. Basi Nicole asirudie ku ziwa.” Kisha akasema tena: “Minye sina shida. Weye urudie ku kazi, batu banangoja mayi.” Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho aliyoniambia. Saa kumi muuguzi alikuja akaifunga seromu.

Yaya, bomba halikupasuka.

Maji ya chemchemi yetu hupungua kila kiangazi, na tangu zamani tuliyagawa: asubuhi chini, mchana juu. Mwaka huu Modeste alikuwa anamwoza binti yake na kumalizia nyumba ya wageni. Aliniita kwake, akanikalisha kwenye kiti kizuri, akaniambia niifunge vane, ile vali ya bomba la chini, ili tanki lijae kwa ajili ya juu. Nilimwambia watu watakunywa nini? Akanijibu kwa upole, hata bila ubaya moyoni nafikiri: “Ni juma moja tu. Batu ya chini iko na ziwa.”

Ningeweza kukataa. Nisikudanganye kwamba alinitisha. Alichofanya ni kuniambia kwamba nyumba yangu iko mpakani na avenyu ya juu, na kwamba si haki fontenye mwenyewe kukosa robine uani. Siku mbili baadaye nilichimba mtaro mwenyewe, nikaunganisha. Kisha nikashika ufunguo, nikateremka hadi kwenye vane ya chini, nikaizungusha mpaka ikagoma. Harusi ilipita, na juma moja likawa matatu, kwa sababu kule juu hakuna aliyeniambia niifungue, nami kwangu maji yalikuwa yanatoka.

Zile siku watu walizodhani natengeneza bomba mlimani, nilikuwa nimeketi kwenye kivuli cha tanki. Ile mihogo niliila nikiwa nimeketi.

Na si hayo tu. Siku moja Sabine alikuja kwangu na bidoni. Nilimwona akipanda njia, nikaifunika robine kwa beseni la kufulia na kuweka jiwe juu. Dorine aliniona. Alitaka kusema, nikamkazia macho. Shemeji aliomba nusu bidoni tu, kama tunayo akiba, kwa ajili ya Nicole. Nilimwambia sisi pia tumekauka. Chini ya beseni udongo ulikuwa umelowa. Sijui kama aliuona. Alinipa pole, akamsalimia Mama, akateremka.

Siku tuliyomzika, nilitoka makaburini nikaenda moja kwa moja kuifungua vane. Maji yalifika chini kabla wewe hujafika. Ulinawa nayo siku ile uliposhuka kwenye boti, ukauliza mbona maji yapo, nikakuambia kwamba vipuri vimepatikana.

Sasa umejua. Watoto wangu wanne walikunywa maji safi mwezi ule wote. Si kwamba mke wangu ni msafi kuliko mke wako. Kama ningezaliwa na moyo mwingine, Sabine angekuwa anachambua mboga mlangoni pake hivi leo, na Gatete angekuwa anakimbizana na kuku. Kumi na watatu walikufa kule chini. Majina yao ninayo, nimeyauliza nyumba kwa nyumba.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kamati ilikutana uani mwa kanisa. Nilisimama nikasema haya ninayokuandikia, mbele ya wa juu na wa chini. Modeste hakukasirika. Alisema mimi Espoir nimechanganyikiwa kwa msiba, kwamba kolera ipo Uvira tangu tukiwa wadogo na hakuna aliyeileta, na kwamba kinachotakiwa ni kuwafundisha watu kunawa mikono. Wengi walipiga makofi, hata wa chini, kwa sababu baadhi yao wanapanga kwenye nyumba zake. Nyirakamana peke yake hakupiga. Alikuja mbele yangu, akanitazama usoni, akaondoka. Heri angenipiga. Jumatatu walininyang'anya ufunguo, wakampa Niyongabo, kijana wa watu, mpole. Sasa robine ya chini inatoka asubuhi mbili kwa juma. Kwangu nimeikata, tunachota chini na wengine. Dorine anapanga mstari. Baadhi ya wanawake wanamwacha apite, wengine wanamsukumia bidoni yake nyuma, naye anaanza mstari upya.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Ukitaka kuja unifanye unalotaka, mlango uko wazi. Ukitaka Nicole aondoke kwangu, niambie nimlete mwenyewe mpaka Kalemie. Ninachokuomba ni kimoja, na siombi kwa ajili yangu. Mpigie mwanao simu. Mwambie ulikosea, kwamba mama yake hakuwa mchafu wala mkaidi, kwamba alikuwa na makala ya sufuria moja na akampa yeye. Mimi nimeshamwambia kuhusu bomba. Nilimwambia juzi, nikiwa nampaka mafuta kwenye mikono. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaivuta mikono yake taratibu, akajipaka mwenyewe. Tangu siku ile hali chakula nikiwa nimeketi mezani. Anangoja niondoke.

Mama anakusalimu sana. Yeye hajui bado kwamba niliifunga vane, maana magoti hayamfikishi kanisani; nitamwambia keshokutwa, Dorine akiwepo. Majirani wa chini wanauliza habari zako, na mzee wa wavuvi anasema mota yake inakungoja. Ujilinde na baridi ya ziwa, na unywe maji yaliyochemka.

Ni mimi, niliyezaliwa nyuma yako,

Espoir