Kaka, Mwache Jeandro Apige Anavyopiga

Brievengat,
Willemstad, Curaçao.
Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa kaka Ludwin,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Natumaini zitakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho Januari kimekuachia kifua. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua lakini mdomo haujambo kabisa. Juzi amemfukuza muuza samaki mlangoni kwa kosa la kumwita bibi. Upepo wa mwaka huu umezidi, umeng'oa bati la banda la mbuzi na kulitupa kwa jirani, na jirani anasema ni lake sasa.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu nimeichoka. Wewe unapaza sauti, mimi napaza sauti, halafu Mama ananinyang'anya akuulize kama theluji imekwisha. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho, utake usitake.

Nimekukasirikia, kaka. Nimejaribu kusubiri hasira ipoe, Karnivali imekuja na kupita, na bado haijapoa.

Unakumbuka Requena aliponichukua niwe jicho lake hapa kisiwani, nimtafutie vijana wa ile klabu yake ya besiboli ya Marekani baada ya saa zangu za shule, jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba kuna kijana mmoja siwezi kumwandikia sifa, kwa sababu ni mtoto wa kaka yangu. Alicheka yule Mvenezuela mpaka akakohoa. "Kisiwa chenu kizima ni ndugu, Mirelva," akasema. "Huyo nitakuja kumwona mwenyewe." Basi nikawa namngoja aje. Alikuja kuona warushaji, akaja kuona wakimbiaji, lakini kila nilipomtajia Jeandro alikumbuka ana ndege ya kuwahi.

Na sababu unaijua vizuri, umecheza. Nafasi ya kulinda besi ya kwanza machoni pa wale watu ni kiti cha jitu. Wanataka mtu mwenye mabega kama mlango wa kanisa, anayepiga mpira unavuka ukuta na kuangukia boneti ya gari la mtu. Akikosa mara nyingi, wanamsamehe. Jeandro wetu ni kinyume chake. Hana mabega. Anapiga mpira unapita katikati ya watu wawili kama anayejua nafasi waliyoacha. Msimu uliopita wenzake walikuwa wakimshangilia siku anayokosa, maana ilikuwa kitu cha kuonwa. Lakini mpira wake hauvuki ukuta. Wala huwezi kumhamisha. Ni mtu wa mkono wa kushoto, besi nyingine hazimfai, na mbio zake ni za mtu aliyebeba jokofu. Besi ya kwanza ndipo pake, hana pengine.

Na miaka yake unaijua. Wenzake wanasainishwa wakiwa na kumi na sita. Yeye ana kumi na saba, na kwa hesabu za wale watu huyo ni mzee. Ndiyo maana nilimng'ang'ania Requena hadi akakubali: Alhamisi ya tarehe ishirini Februari, asubuhi, uwanja wa nyuma ya shule, na mtu wake wa kamera. Nilimwambia mtoto maneno machache tu. Lala mapema, kula vizuri, piga kama unavyopiga kila siku.

Kumbe usiku wa kuamkia Alhamisi ile na wewe ulimpigia simu.

Nilijua pale alipofungua begi. Akatoa gongo la kupigia ambalo sijawahi kuliona, zito, jeusi, lile ulilompa binamu wa Ghislaine amletee. Nikamuuliza, "Gongo lako liko wapi?" Akasema, "Nyumbani, Shangazi." Hakunitazama usoni. Requena alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha turubai, kamera imewashwa. Ningefanya nini?

Kaka, sijawahi kumwona mtoto yule akiwa vile. Alikuwa anazungusha mwili mzima kama anayetaka kung'oa mti. Mpira wa kwanza akaukosa. Wa pili akaukosa. Wa tatu ukagonga ukingo wa gongo ukaruka juu ukarudi ukaanguka miguuni pake. Wale wazee wa domino waliokuwa wamekuja kumtazama wakaanza: "Jeandro, unafukuza mbu?" "Mleteeni neti!" Na yeye kila akikosa ndivyo alivyozidi kuvuta nguvu. Mmoja tu ulivuka ukuta katika asubuhi nzima, nao ulivuka upande usiohesabiwa, nje ya mstari, ukavunja kioo cha mwalimu wa Kidachi.

Requena akanigeukia. "Huyu ndiye yule asiyekosa?"

"Ndiye."

"Basi na mimi ni Papa wa Roma."

Akakunja kiti chake.

Nilimrudisha mtoto nyumbani kwa gari langu. Nilikuwa nimejaa maneno, nimwambie yote, lakini yeye ndiye aliyeanza. Akasema, "Baba alisema mtu wa besi ya kwanza asiyevusha ukuta ni bawabu tu. Alisema nisipouvusha leo nitakuwa nimemwaibisha."

Nikamwambia, "Baba yako yuko Rotterdam. Mpira ulikuwa hapa mbele yako."

Tukafika kwenye taa za Santa Maria. Halafu akasema, na nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza neno: "Shangazi, Baba akinipigia tunazungumza besiboli tu. Hatuna kingine. Nikimwambia sikufanya alivyoniambia, wiki ijayo tutazungumza nini?"

Taa ikawaka kijani, nikatia gea.

Sasa sikia kilichonimaliza kabisa. Requena hakuondoka kisiwani. Alibaki mpaka Jumapili kwa sababu ya Quinsley, yule mrushaji mrefu kama mnazi kutoka Bandabou. Anarusha mpira unausikia unalia kabla hujauona. Na Jumapili ile timu ya kina Quinsley ilicheza na nani? Na sisi. Jeandro alikuja na gongo lake la zamani, lile lenye utepe mwekundu. Nadhani alikuwa hajali tena kama kuna mtu anamtazama, maana alijua Requena hakuja kwa ajili yake.

Quinsley aliwatoa wenzetu wote kama anayepangusa meza. Akafika Jeandro. Mpira ukaja kwa kasi ile; akaukata, ukaenda nje ya mstari, haukumtoa, ikabidi urushwe mwingine. Mwingine, akaukata. Ule unaopinda ambao watu huuzungushia gongo hewani, akaungoja mpaka mwisho, akaugusa kidogo tu, nje ya mstari. Watu wakaanza kusimama. Quinsley akawa anajifuta uso kwa mkono wa shati. Akarusha tena, akakatwa tena. Wale wazee waliomcheka Alhamisi sasa walikuwa wanamzomea Quinsley: "Mpe wa moto basi! Umebakisha nini mfukoni?"

Requena akaruka kutoka kwenye kiti chake akaja kwangu kwenye uzio. "Mwambie mtoto wenu akae chini! Ananichoshea mrushaji wangu!"

Nikamwambia, "Mwambie mrushaji wako amtoe."

Hakumtoa. Mpira wa mwisho Jeandro aliupitisha juu ya kichwa cha mtu wa besi ya pili, taratibu, ukaanguka kwenye majani kama umewekwa kwa mkono. Aliposimama besi ya kwanza, Quinsley alivua kofia akamwinamia, kijana mwenye adabu yule. Mchezo ule Jeandro aliupiga mpira wake kila walipokutana. Kila mara, kaka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka, mwalimu mzima, mbele ya wanafunzi wangu.

Nikajua tumepona. Baada ya mchezo nikamkamata Requena kwenye gari la chakula nje ya uwanja, ana mkate wa nyama mkononi na mchuzi wa karanga kwenye kidevu. Nikamuuliza, "Umeona?"

"Nimeona. Sina macho mabovu."

"Basi?"

Akajifuta kidevu kwa kiganja. "Basi mimi siye ninayesaini, Mirelva. Wanaosaini wako Florida, nao wanataka video. Video ya Alhamisi nimeshaituma. Leo kamera yote ilikuwa kwa Quinsley. Nikiwaambia kuna mtu wa besi ya kwanza hana nguvu lakini hakosi, watafungua ile video, watamwona anakosa. Kungekuwa na ya leo peke yake, pengine ningepigana. Sasa nipigane na nini?"

Nilimwambia aombe video irudiwe. Akasema nafasi za mwaka huu zimekwisha, na mwaka kesho mtoto ana kumi na nane. Nikamwambia ni mwoga. Akasema inawezekana, lakini ni mwoga mwenye kazi. Quinsley amesainishwa, kwao wamechinja mbuzi na Bandabou nzima imekula. Mimi nimepewa kofia ya klabu na ahsante. Kofia nimempa Mama, anaivaa akianika nguo.

Sasa usiniambie kwamba hata bila simu yako wangemkataa. Inawezekana. Wanayapenda majitu, tunajua. Lakini ningependa wamkatae Jeandro mwenyewe. Yule waliyemkataa hakuwa yeye. Hilo ndilo linaloniamsha asubuhi nikiwa nimeuma meno. Na linanikasirisha zaidi kwa sababu najua ulimpigia kwa mapenzi, ukiwa umekaa huko peke yako baada ya zamu, unawaza utamsaidiaje mtoto uliye mbali naye. Ungekuwa mtu mbaya ningekuwa nimekwisha kukusahau.

Baada ya Jumapili ile Jeandro hakukanyaga uwanjani kwa wiki nzima. Alikuwa akitoka shule anajifungia. Mama yake, wifi Ghislaine, akamwacha kwanza, halafu uvumilivu ukamwishia, akamtoa chumbani akapake rangi ukuta wa mbele. Alipaka wote, na wa jirani pia. Ghislaine anakusalimu, kwa ufupi.

Habari nyingine ni hii, nayo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika leo. Jumapili ile uwanjani kulikuwa na mtu mwingine. Wendel, aliyekuwa anaishi mtaa wa nyuma yetu, mwana wa fundi viatu, siku hizi ni kocha wa timu huko huko kwenu Rotterdam. Alikuja likizo ya Karnivali. Jumatano ya Majivu akaja nyumbani na msalaba wa jivu bado kipajini, akakaa na Ghislaine na Mama na mimi. Anataka mtu wa besi ya kwanza. Akasema huko baridi inaua mipira, hata jitu likipiga, mpira hauendi mbali, kwa hiyo yeye hatafuti jitu. Mtoto atacheza kwake na jioni atasomea ufundi umeme.

Siyo klabu ya Marekani. Si lile tulilolipigania, na siwezi kujifanya nimefurahi. Nilitamani kumwona akisaini mezani, Mama ameketi pembeni na gauni lake la kanisani. Lakini nilipomuuliza Jeandro, aliitikia haraka mno kwa mtu aliyekuwa hasemi kitu wiki nzima.

Atafika Schiphol Jumamosi, tarehe ishirini na tisa, asubuhi. Kwa kuanzia atalala kwako, ukiwa na nafasi. Hilo amelisema mwenyewe, sikumshawishi. Mnunulie koti, ana jaketi la mvua tu.

Lakini kuna jambo ameniomba nikuambie. Nilimwambia mwambie baba yako mwenyewe, akasema, "Mwambie wewe, Shangazi. Mimi nikimwambia ataninyamazia." Ameomba usiende uwanjani. Siyo daima; mpaka atakapokuita yeye. Imeniuma kuiandika sentensi hiyo, nimeiacha nikanywa maji, nikarudi. Sikuitafutia maneno laini kwa sababu hana ubaya nawe. Anataka apige bila kukutafuta kwa macho kila baada ya mpira.

Usinyamaze, Ludwin. Tafadhali. Yako mengi ya kuzungumza naye. Anapika siku hizi, tena kuliko mama yake, muulize. Kuna msichana wa Tera Korá anayemfanya aoge kabla ya kwenda dukani, usimuulize. Anaogopa mbwa bado. Anajua kuiga sauti ya kila mtu wa mtaa huu, na yako anaiiga mpaka Mama alicheka akalia. Huyo ndiye mtoto wako, na sehemu kubwa yake haijulikani kwa mtu wa Florida wala kwa kamera ya Requena.

Nisalimie mzee wetu Tanta Fermina, mwambie dawa zake za mitishamba nimempa Wendel amletee. Msalimie Ruël na mkewe na wale pacha. Mama anakuombea kila asubuhi, na anakuagiza ufunge shingo vizuri. Mungu akulinde na mvua ya huko na hiyo zamu ya usiku, akupe subira ambayo mimi sina.

Ukimwona anatoka mlangoni pale Schiphol, mkumbatie kwanza. Kama hujui la kusema, msaidie begi, na mtembee.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira nawe na mwenye kukupenda,

Mirelva