Chenga za Barafu Zilizomwondoa Zena

Mama, shikamoo.

Natumaini mguu umeacha kukusumbua na mpunga umeanza kuchanua. Mimi huku Lusaka ni mzima. Baridi imeingia, tunavaa makoti hata nje ya kiwanda.

Wiki iliyopita umeme ulikatika mchana na jenereta ikagoma. Uliporudi, niligandisha upya aiskrimu iliyokuwa imelainika, nikaona si kitu. Baada ya siku mbili wenye maduka waliirudisha. Walisema inakwaruza ulimi kama mchanga. Meneja akaniita mbele ya wenzangu.

"Umeongeza maji kwenye mchanganyiko?"

Nikaapa sikuongeza. Hakuniamini.

Aliyeniokoa ni msimamizi wetu, mama mmoja wa Nakonde, mpakani, anayejua Kiswahili. Alichukua kopo lisilo na kasoro, akaliacha mezani mpaka likalainika, kisha akalirudisha kwenye friza. Kesho yake akatuonjesha, mimi na meneja. Chenga tupu.

"Maji yamo tangu mwanzo, ndani ya maziwa," alisema. "Yakiganda upesi, chembe za barafu huwa ndogo, ulimi hauzihisi. Zikiyeyuka na kuganda tena polepole, zinakuwa kubwa. Hakuna aliyetia kitu."

Meneja akaondoka. Mimi nikabaki na kijiko mkononi, namuwaza Zena.

Unakumbuka, mama. Wateja wako wa aiskrimu hapo Ifakara walipolalamika, ulisema Zena, mke wa mdogo wangu Linus, anapunguza maziwa na kujazia maji. Nilikuwa nyumbani likizo. Ulinipa nionje niamue, kwa kuwa mimi ndiye wa kiwandani. Nikasema, "Haya ni maji." Zena alilia, akasema hajagusa maziwa. Asubuhi yake akafungasha, akarudi kwao Idete, na Linus hakuthubutu kumtetea mbele yangu mimi kaka yake. Wakati ule kazi yangu ilikuwa kupanga makopo kwenye maboksi. Nilitoa hukumu kwa jambo nisilolijua. Na wiki ile umeme ulikuwa unakatika kila siku, sote tuliona.

Ukitengeneza tena, poza kwanza mchanganyiko, tumia vyombo visivyo na kina, koroga mara kwa mara unapoganda. Iliyoyeyuka usiigandishe tena, wape watoto wainywe.

Sikuandika kukulaumu. Neno lililomtoa ni langu. Nimemwandikia na yeye. Kwake sikueleza habari za barafu. Nimeandika kwamba alisema kweli na mimi sikumsikiliza.

Nisalimie bibi aliyeko Masagati na shangazi wa Mlimba, mwambie shuka lake nalitumia. Linus mpe barua hii aisome mwenyewe.

Ila Idete usimtume yeye, mama. Zena alivunjiwa heshima na wakubwa, kwa hiyo anayestahili kwenda ni mkubwa. Mimi niko mbali. Nakuomba uende wewe.

Mwanao,
Vitalis