Mlango Uliogongwa Mjambere

Mamangu mpendwa,

Hamjambo huko Nakuru? Mimi ni mzima huku Mjambere, pwani.

Jana mchana, kwenye joto la kukausha mate, mama mkwe alikuwa akinipakulia muhogo wa nazi huku akicheka nilivyomsimulia nyufa za shamba letu. "Matetemeko ni ya kwenu bara," akasema. "Huku kwetu ardhi imetulia."

Mara mlango ukagongwa kwa nguvu. Watu wa huku hawawezi kuacha hodi bila jibu. "Karibu, mwanangu!" akaitikia mama mkwe. "Sukuma tu, uko wazi!"

Hakuingia mtu. Mlango ukagongagonga tena, sufuria ikatembea yenyewe na tui likamwagika. Mama, mimi ndiye niliyemvuta nje. Yeye alikuwa bado anamngoja mgeni!

Shemeji yangu, anayesomesha jiografia, anasema misukumo ile ile inayoinua milima mbali huko huweza kubana nyufa za kale hata katikati ya bamba la ardhi, lile pande kubwa la mwamba tunalokalia, mpaka siku moja ziteleze. Mama mkwe hataki kusikia. Analia tu: "Jamani, nimelikaribisha tetemeko kwa kinywa changu!"

Leo asubuhi nimerudi na ndoo ya maji, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. "Nani?" mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo.

Basi Mama, Mungu akikujalia kuja kutuona, usipige hodi tu. Taja jina lako kwanza.

Mwanao akupendaye,
Wambui