Nyumba Isiyochoma Vidole

Jumamosi, alasiri. Usagara, Tanga.

Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyomlowesha mtu ila yanamnyima hamu ya kutoka. Bati linanong'ona. Nimekaa sakafuni sebuleni, unga wa mbao umenijaa hadi kwenye nyusi, na kichwa changu kiko mahali fulani kati ya hapa na Muheza.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi hujenga vijumba vya mbao. Ni mapenzi tu, sivili wala sivinywi. Mchana nauza duka la dawa, jioni nakata plaiwudi. Hiki cha sasa ni nyumba yetu ya Muheza, aliyonizalia Mama: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na paa la kuinuliwa kama kifuniko cha sufuria.

Namjengea yeye. Presha ya macho ilimchukulia nuru yake, ndipo mimi na kaka yangu Salimu tukamleta aishi nami, na nyumba ikauzwa. Aliyeinunua akaibomoa. Hilo hatukumwambia Mama. Kila akiuliza lini tutampeleka akakae tena kwenye baraza lake, tunajibu, "Mvua zikikatika, Mama."

Mvua zimekatika mara ngapi!

Jana nilimpa kijumba akipapase kwa mara ya kwanza. Kidole kilipofika dirishani, kibanzi kikamchoma. Akaurudisha mkono mapajani, hakukigusa tena. Niliumia. Nilikuwa nimeikagua nyumba nzima kwa macho, na kwa macho ilikuwa laini.

Basi leo nimeshinda natengeneza zana. Karatasi ya msasa haipenyi kwenye dirisha dogo kuliko kidole, kwa hiyo nimeikata vipande vyembamba nikavigandisha kwenye vijiti vya aiskrimu, msasa mkali upande mmoja, laini upande wa pili. Kipande kingine nimekizungusha kwenye penseli, kwa ajili ya matao ya baraza. Kwa pembe za ndani kabisa, kibanio cha nguo kimeuma kijikaratasi kilichokunjwa. Sifongo ya vyombo nayo nimeivisha msasa, maana hujilaza vizuri ukutani. Hata tupa yangu ya kucha imeingia kazini.

Halafu nikafumba macho.

Nasugua, napuliza, napapasa. Nasugua, napuliza, napapasa. Sauti ya msasa ikachanganyika na ya manyunyu, nisijue ipi ni ipi. Nyumba ikaanza kukua. Kidole changu kilipita ukumbini, nikahisi ubaridi wa sakafu ile tuliyoilalia siku za joto. Nikasikia harufu ya maganda ya machungwa yaliyoanikwa uani. Mtu akakohoa chumbani, kikohozi cha Baba.

Sikutaka kufumbua.

Adhana ya alasiri ndiyo iliyonirudisha. Mama alipomaliza kuswali nikamwekea kijumba mapajani, nikainua paa.

Alianzia barazani, vidole viwili, kama mtu anayetembea. Akaingia ukumbini. Akageuka chumbani kwake, akazunguka kuta zote nne, akatoka. Hakuna kilichomchoma. Alipofika mlango wa uani akacheka kidogo.

"Laini! Umesugulia majani ya mti wa msasa, kama sisi zamani?"

"Karatasi ya dukani, Mama. Nimeigandisha kwenye vijiti."

"Enhe." Vidole vikatulia. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Wameivunja, siyo?"

Safari hii sikuweza kuzisingizia mvua.

"Wameivunja, Mama. Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Ingekuwa bado imesimama, ungenipeleka, mwanangu. Usingekaa kunijengea nyingine."

Nililia mimi. Yeye hakulia. Alinivuta kichwa, akanikung'uta unga wa mbao kwenye nywele kama anayemkung'uta mtoto mdogo. Alipomaliza akarudisha kidole kwenye mlango wa uani, chini, pale kwenye kizingiti.

"Hapa umekosea. Hapa palilika katikati. Baba yenu, nyie, majirani na ndoo zao, sote tulipakanyaga. Nipe hicho kijiti."

Nikampa. Akaanza kusugua taratibu, akipima kwa kidole gumba, uso kauelekeza dirishani kwangu kama anayemtazama mtu akipita uani. Nilidhani atachoka. Ninapoandika haya bado anasugua, na anaimba kitu kwa Kibondei, chini chini, ambacho sijapata kukisikia.

Sijui Salimu nitamwambiaje. Pengine nisimwambie neno. Nimwite tu aje apapase.

Kesho nitapaka kuta rangi ya chokaa. Kizingiti sitakigusa.