Kushika Shilingi ya Waziri

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba! Huku Miyuji tu wazima, nami bado ni bibi harusi. Babu yako mpya ananichemshia chai kila asubuhi, namtazama mpaka inapoa!

Umeniuliza mbunge anashikaje shilingi ya waziri. Hata mimi nilishangaa nilipokuwa msichana. Kisima chetu Ihumwa kilikuwa kimekauka. Mbunge wetu aliuliza kwa maandishi, akajibiwa, "Serikali inalifanyia kazi." Basi siku ya bajeti ya maji mjomba, mtendaji wa kijiji, akanipeleka bungeni kusikiliza.

Waziri alipomaliza kujibu hoja, mbunge wetu akasimama. "Nisipopata maelezo ya kutosha, nashika shilingi!"

Nikamnong'oneza mjomba, "Anaingiza mkono mfukoni mwa waziri?"

"We mtoto! Anatoa hoja mshahara wa waziri upunguzwe shilingi moja, ili Bunge zima lijadili kisima chetu."

Shilingi moja tu! Lakini wabunge wengi walisimama kumuunga mkono, hata wa mbali wasioijua Ihumwa. Waziri akainuka tena, akataja kijiji chetu kwa jina na mwezi wa kuanza kuchimba.

"Namrudishia shilingi yake," mbunge akasema. Mjomba akapiga makofi, askari akamkemea.

Mitambo ilikuja kweli, tukanywa maji. Mpaka leo najiuliza kilichomwinua waziri. Mume wangu anasema ni aibu ya ile shilingi. Mimi nasema ni wale waliosimama. Wewe waonaje, mpenzi?

Bibi yako akupendaye