Shaba Kifuani Mwako, Aloisi

Aloisi, meku, mzee mwenzangu,

Shikamoo siitoi. Mimi ndiye mkubwa, hata kama umenitangulia huko. Nimekaa hapa kihambani, katikati ya migomba yetu, upande wa kichwa cha kaburi lako, nimekumiminia mbege. Kidogo tu, maana ukilewa unaimba vibaya.

Habari za hapa Uru si nzuri. Binti yako Manka alikipeleka kile kipande cha pafu lako ulichomruhusu achukue, huko Ulaya anakofanya kazi. Wana eksirei kali, si hii ya hospitali. Anasema kwa ukali wake haikubali kukusanywa na kioo cha miwani. Inapita tu, kama wewe ulivyokuwa ukipita kapu la sadaka. Basi wanaitelezesha juu ya vioo vilivyopinda, kama vijiwe tulivyorusha vikaruka juu ya maji ya mfereji, mpaka miale yote ikutane kwenye nukta moja. Unywele kando ya nukta hiyo ni gogo la mringaringa! Halafu pafu lako linasogezwa mbele yake, mstari kwa mstari, kama mtu anapalilia, na kila madini yaliyomo yanajibu kwa mng'ao wake.

Iliyojibu ni shaba, Aloisi. Ile dawa yetu ya buluu ya kunyunyizia kahawa. Picha nimeiona: vidoa vimetulia ndani ya nyama yako, kama vinamsubiri mtu.

Unakumbuka tulivyochovya kisu kwenye dawa? Kikitoka chekundu kwa shaba, tunaongeza chokaa ili dawa isikile. Kisu tulikihurumia. Kifua tulikipa mbege. "Itasafisha," ulisema, buluu imekujaa hadi kwenye kope.

Sasa nakohoa kikohozi chako kilekile. Daktari alinikata kipande cha pafu, nacho kikaenda kwa Manka. Jana kapiga simu, nikamtania: "Vipi, mmenikuta na mbege tupu?" Hakucheka. Yule mtoto, hakucheka.

"Baba mkubwa, nakuja nyumbani tuongee."

Na leo asubuhi namkuta mwanao Deo kabeba bomba lako la dawa mgongoni, uso wazi bila hata kitambaa, anapiga mluzi. Nikamkemea. Akanijibu, "Baba mkubwa usiogope, nikimaliza nakunywa mbege."

Sauti ilikuwa yako.

Lala, ndugu yangu. Bomba nimemnyang'anya, liko chini ya kitanda changu. Uso wazi hatalibeba tena nikiwa napumua. Na pumzi ikikata, Manka ataambiwa alitoboe kabla hajanililia.

Sogea kidogo huko. Usinifurahie, sijafika bado.