Sahihi Niliyotia Bila Kuangalia

Bi Mkali wa redioni, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa, lakini usidhani nimetulia, maana tangu Jumanne ya wiki iliyopita sikai mahali pamoja dakika tano, nikishika ufagio nauacha, nikishika simu naiweka, mume wangu ananiuliza, "Mama, una nini, mbona unazunguka kama umepoteza ufunguo?" nami namjibu nimechoka na kazi, na hapo nimesema nusu ya ukweli.

Mimi ni daktari wa meno na ninafundisha, na kila mwisho wa mwaka nawatahini kwa vitendo wanafunzi wanaomaliza, si kwenye meno ya plastiki bali kwenye vinywa vya watu. Utaratibu wetu ni kwamba mwanafunzi analeta mgonjwa wake mwenye jino lililotoboka, analitibu mbele yetu, na sisi tunatia sahihi mara tatu, ya kwanza kabla hajaanza kuchonga, ya pili akishaondoa uozo wote kabla hajaziba, ya tatu akishaziba. Hiyo ya pili, Bi Mkali, ndiyo inayoninyima raha: mtahini anatakiwa achukue kioo kidogo na kichuma chenye ncha, aparuze ndani ya tundu ahakikishe hakuna palipo laini, kwa sababu jino likishazibwa hakuna jicho litakaloona kilichobaki chini.

Sasa yuko mwanafunzi mmoja tunamwita Mkono Laini, hodari wa darasa zima, na asubuhi ya mtihani, Jumanne hiyo, mgonjwa wake hakutokea, simu imezimwa, na bila mgonjwa hakuna mtihani, mtu anarudia mwaka, nami roho ikaniuma nikamkumbuka wifi yangu, fundi cherehani, ana chego linamsumbua muda mrefu, nikampigia akaja mbio na sindano zake bado zimechomekwa kwenye ukosi. Sikumwambia mtu yeyote kwamba ni wifi yangu.

Kwenye saa nne Mkono Laini akainua mkono, nikaenda, akasema, "Mwalimu, naomba uniangalizie vizuri, huku ukutani kwa nyuma kama bado pana ulaini, sina hakika." Wifi ananikodolea macho, mdomo wazi, mate yanamjaa, ananiambia kwa vidole nimalize, na upande wa pili wa chumba kuna binti tunamwita Bi Hakikisha ananiita mara ya nne, mara ya nne Bi Mkali, kwa jino moja! Nikamwambia Mkono Laini, "Wewe tena? Wewe nakuamini, ziba," nikatia sahihi, kioo sikukigusa. Nikaenda kwa Bi Hakikisha nimevimba kwa hasira, nikaparuza tundu lake kila pembe nikitafuta kosa, likawa gumu na safi, basi kwenye kipengele cha kujiamini nikampa moja kati ya tano, nikaandika "anategemea mno watahini." Amefeli kwa alama mbili. Mkono Laini ameongoza, nikajiambia chanda chema huvikwa pete.

Jumapili wifi akaja kula kwetu, namwona anatafuna upande mmoja, na maji baridi yalipomgusa akafumba jicho. Nikamuuliza, akacheka, "Si ndio linazoea? Ila yule kijana wako, wifi, mkono kama pamba! Nimewasimulia wateja wangu wote." Nikamjibu, "Ee, litazoea." Huenda kweli ni maumivu ya kawaida ya jino lililozibwa juzi, huenda ni uozo niliouacha, sijui, na sijui kwa sababu sikuangalia. Tangu hapo hata usingizi sipati.

Ijumaa kinakaa kikao cha kupitisha matokeo. Nikisema, wataniuliza ndugu yangu alifikaje kwenye mtihani, watamfutia Mkono Laini matokeo, na mume wangu atajua nimechezea jino la dada yake. Mwenzangu mmoja kazini ananiambia, "Nyamaza, likimzidi atakuja, utamtibu mwenyewe kimyakimya, nani atajua?" Bi Mkali, nimeshikwa pabaya. Niseme au ninyamaze?

Mimi, Kalamu Nyepesi

BI MKALI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kikao chenu ni Ijumaa, kwa hiyo barua yako nimeirukisha foleni, na waliotangulia wanisamehe.

Pole. Najua ulianza kwa huruma, mwanafunzi wa watu anakaribia kupoteza mwaka kwa sababu ya mgonjwa aliyezima simu, ukainua yako ukamsaidia. Moyo huo usiuache. Lakini huruma yangu inaishia hapo, na jina ulilojipa limekukaa sawasawa.

Umeniandikia kurasa tatu. Kikao kimo, mumeo yumo, heshima yako imejaa tele. Jino la wifi yako limepata mistari michache, tena pale alipofumba jicho mezani kwako, nawe daktari mzima ukamwambia litazoea! Kwa elimu gani? Umekiri mwenyewe hujui. Ukinyamaza, yeye ndiye atakayelipia kimya chako kwa chego lake.

Na huyo mwanafunzi wako usimsingizie. Alikuambia kwa mdomo wake hana hakika, akakuonyesha hadi mahali. Alikuomba umtazamie, wewe ukampa sifa. Sifa si kioo, mwanangu. Mtu hodari akikuambia ana shaka, hapo ndipo pa kuinama uangalie mara mbili.

Huyo mwenzako wa kimyakimya mwache na ushauri wake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unafundisha udaktari, hukupaswa kukumbushwa na mtu wa redio. Wahenga walituambia tuzibe ufa. Hawakutuambia tuzibe uozo.

Sasa sikiliza. Mumeo mwambie leo, kwa ufupi, kabla hajasikia kwingine. Halafu nenda kwa wifi yako huko huko kwenye cherehani yake, usimwite kwako, na usianze na habari za foleni na mate na nani alikuita mara ngapi. Mwambie, "Wifi, nilitia sahihi bila kuangalia. Twende tukalitazame." Atakasirika, na ana haki, mwache aseme mpaka amalize. Lakini yule ni fundi. Ameshafumua mishono mingapi maishani mwake, yake na ya wengine? Atakuelewa upesi kuliko hicho kikao chako. Mpige picha ya jino, na mwite daktari mwingine asiye ndugu asimame pembeni, ili safari hii pawe na macho mawili ya ziada.

Mkuu wa idara mpelekee barua kabla ya Ijumaa, kwa mkono wako. Andika mgonjwa ni nani kwako, andika sahihi ya pili ilikuwa ya upofu, na andika kwamba mwanafunzi aliomba kukaguliwa ukakataa. Hilo la mwisho usilisahau hata kama linakuumiza, maana ndilo litakalomwokoa. Waombe wampe mgonjwa mwingine na mtahini mwingine, wasimpe mwaka mzima wa adhabu yako. Wakikupa wewe onyo, lipokee.

Ulidhani nimemsahau Bi Hakikisha? Habari yake ndiyo iliyonikera kwenye barua hii yote. Binti amekuita mara nne ili asimwachie mtu uozo mdomoni, jino ukalikuta safi, ukamfelisha kwa sababu alikuchosha miguu! Mimi nimebakiwa na meno ishirini na sita, na likianza kuoza moja, simtaki Mkono Laini na pamba zake. Namtaka huyo wa mara nne. Kiambie kikao Ijumaa hiyohiyo kwamba alama ile uliitoa kwa hasira, aisahihishe mtahini mwingine, kisha umtafute binti umwambie uso kwa uso.

Huo usingizi wako hautarudi kwa kuzunguka nyumba na ufagio. Nenda sasa hivi, wifi yako hajafunga kazi. Akikubali, mlaze kwenye kiti, washa taa, shika kioo chako. Safari hii, angalia.